Siku San Marino Ilipowafunga Waingereza

Enzi zetu, mtoto wa nyumba za walimu alikuwa na nchi mbili: ile aliyozaliwa, na ile aliyogawiwa nyuma ya jiko la shule. Mliokulia miaka hiyo mnanielewa. Wengine vuteni kiti niwaeleze polepole. Mimi ni muuguzi hapa Doha, na nusu ya kazi yangu ni kumweleza mtu jambo lile lile mara tatu bila kukunja uso.

Ilikuwa Kitale, katika shule ya msingi ambako Baba alifundisha jiografia. Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya jiko, na ulikuwa na mteremko, kwa hiyo timu ya upande wa juu ilishinda hata siku ambazo haikuwa na nia hiyo. Tulicheza katika moshi wa kuni na harufu ya githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, na mpishi alipoinua kifuniko cha sufuria, kipa aliyekuwa karibu na jiko alisahau kazi yake. Mpira ulikuwa mmoja tu, wa Kiprono, mpira wa raba wenye kiraka cha baiskeli. Ukidundia upande wa kiraka, ulikwenda ulikotaka wenyewe.

Na mara nyingi ulitaka kwenda kwa Mama Jerono. Yeye alikuwa jirani wa shule, mama mpole sana, lakini nyuma ya ua wake wa michongoma aliishi bata mzinga aliyeitwa Meja. Kama hujawahi kufukuzwa na bata mzinga, shukuru. Mbwa hubweka, ukajua mnazozana. Meja alianza kwa kukutazama kwa jicho moja, kama mwalimu wa zamu. Kisha alijifura, akaburuta mabawa chini, akaguruma tumboni, na wakati bado unashangaa ndege gani anaguruma, tayari amekushika kwa nyuma.

Sasa nieleze sheria, maana bila sheria hii hadithi haitembei. Likizo moja tuligawana nchi za dunia. Nchi yako ya kweli, ile ya kwenye redio, ikifungwa, wewe ndiye mwokotaji: kila mpira unaoruka ua, unaufuata kwa Meja. Utatoka kwenye kazi hiyo siku moja tu, siku nchi yako itakaposhinda. Hapo unaimba wimbo wa taifa lako mbele ya wote, halafu unamtaja mtu wa kukurithi. Hakuna kukata rufaa. Na nchi ukishapewa hubadilishi, hata ukilia.

Siku ya kugawana nilitumwa unga wa ugali, nikachelewa. Nilipofika nikihema, Kiprono alikuwa ameshachukua Brazil, kwa sababu mwenye mpira hapangi foleni. Wekesa, mtoto wa karani wa shule, alikuwa amechukua Uingereza, kwa kuwa babake alipenda kusikiliza mpira wa huko.

"Nchi zimeisha," Kiprono akaniambia.

"Nchi haziwezi kuisha, Kiprono. Dunia ni kubwa."

"Basi nenda katafute yako."

Nikakimbia kwa Baba. Alifungua atlasi yake, akavaa miwani, akaweka ncha ya penseli katikati ya Italia. "Hii hapa. San Marino."

"Sioni kitu, Baba."

"Ngoja niinue penseli."

Alinieleza kwamba hiyo ni nchi kamili, iliyokaa juu ya mlima, imezungukwa na Italia pande zote kama kiini cha yai. Nikamuuliza kama watu wachache hivyo wanaruhusiwa kuwa na timu. Akacheka. "Nchi ndogo ni nchi, mwanangu. Haiimbi nusu ya wimbo wa taifa."

Nilirudi uwanjani kifua mbele. Wekesa akauliza hiyo San Marino ni nchi au ni aina ya sabuni. Tangu siku hiyo jina langu, Nanjala, likafa. Nikawa Marino, na ndiye niliye hadi leo.

Ndugu zangu, hebu niwaeleze mpira wa San Marino, kwa upendo. Wachezaji wao wengi walikuwa na kazi zao za kawaida. Mtu alifanya kazi mchana, jioni akabeba viatu akaenda kuwakaba watu wanaolipwa kwa kucheza tu. Walifungwa nne, walifungwa sita, walifungwa kumi. Wakifungwa mbili, mimi nilihesabu ni sare. Watoto wengine walikuwa waokotaji kwa wiki moja, wiki mbili, kisha nchi zao zikawakomboa. Mimi nilikuwa mwokotaji wa kudumu. Nilifika mahali nikawa nampigia Meja hodi. Mama alishona kaptula yangu ya kuchezea mpaka viraka vikawa vingi kuliko kaptula, na kila akishona alisema, "Huyu mtoto atakalia nini akikua?"

Kitu kimoja tu nilikitaka katika maisha: San Marino ishinde. Mara moja. Sikuomba kombe. Niliomba asubuhi moja ya kumwambia mtu mwingine, "Nenda wewe." Hata wimbo wa taifa nilishautunga, kwa kuwa ule wa kweli hakuna aliyeujua Kitale nzima. Niliufanyia mazoezi chooni:

San Marino, San Marino,
kanchi kangu ka mlimani,
hata mkitufunga kumi
kesho tuko uwanjani.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi tulikuwa tukinywa chai kwa viazi vitamu. Redio yetu ilikuwa juu ya kabati, na mawe yake, yaani betri, yalikuwa yamechoka. Mnakumbuka mawe ya redio? Tuliyaanika juani ili yapate nguvu, tukayang'ata kidogo, tukayarudisha, na redio ikaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi. Ikafika habari za michezo. Mtangazaji akasema San Marino imeishangaza dunia jana usiku, kwa kuifunga Uingereza bao kabla mchezo haujatimiza hata sekunde kumi, na kwamba...

Redio ikazimika.

Wasomaji wangu, mimi sikuhitaji hiyo "na kwamba". Niliacha kiazi kikiwa na alama ya meno nikatoka mbio. Baba akaita, "Nanjala, ngoja tusikie mwisho!" Mwisho gani? Nilikuwa nimengoja mwanzo muda wote ule.

Niliwakuta uwanjani. Nikasimama juu ya jiwe la goli. "San Marino imeifunga Uingereza!"

Kiprono akacheka hadi akakaa chini. "Ndoto hizo, Marino. Umelala na njaa?"

"Redio imesema! Wamefunga hata kabla watu hawajakaa!"

Wote wakamgeukia Wekesa, maana nchi ilikuwa yake. Wekesa alinitazama. Akatazama viraka vya kaptula yangu. Akakuna shingo.

"Imesema hivyo?" akauliza.

"Imesema hivyo."

"Basi imba."

Nikaimba. Niliimba ubeti wangu mmoja mara tatu, mkono kifuani, na mpishi akatoka jikoni na mwiko akadhani kuna mgeni wa wilaya. Nilipomaliza nikanyoosha kidole. "Wekesa. Nenda wewe."

Siku ile mpira ule wenye kiraka ulikuwa kama umetumwa. Uliruka ua tena na tena, na kila mara Wekesa alipita kwenye tundu la michongoma bila neno. Sisi tulilala kifudifudi kuchungulia. Mara ya mwisho Meja alimshika suruali yake ya Jumapili, ambayo sijui kwa nini alikuwa ameivaa, na Wekesa akatoka kwa Mama Jerono na mpira mkononi na upepo kwa nyuma. Mimi nilikaa kwenye jiwe langu kama malkia. Hata githeri, ambayo mpishi alitugawia makoko yake, ilikuwa na ladha ya sherehe.

Kesho yake Baba alirudi kutoka ofisi ya walimu akiwa amesoma gazeti. Alinikalisha kwenye kigoda, akakaa na yeye. Akanieleza kwa upole kwamba mpira una dakika tisini, na sekunde chache za kwanza ni sehemu tu ya dakika hizo. Bao letu lilikuwa la kweli. Ila baada yake Waingereza walikuwa wameamka.

"Wakafunga ngapi, Baba?"

"Saba."

"Lakini sisi tulikuwa wa kwanza?"

"Nyinyi mlikuwa wa kwanza kabisa," akasema Baba, na akanipa kipande cha muwa.

Nilirudi kazini kwa Meja siku hiyo hiyo. Likizo zikapita, tukakua, mpira ukapasuka, Meja akaenda njia ya bata mzinga wote sikukuu moja. San Marino ilikuja kushinda mechi moja ya kirafiki nikiwa chuo cha uuguzi, dhidi ya Liechtenstein, nchi nyingine ya kufunikwa na penseli. Nilipiga makofi peke yangu bwenini. Hapakuwa na ua, hapakuwa na mpira, hapakuwa na mtu wa kumtuma. Halafu wakakaa miaka ishirini bila kushinda tena, kwa uaminifu mkubwa.

Dunia nayo ikatuzungusha. Mimi naishi mtaa wa Najma, Doha, juu ya duka la chai ya karak, na chumba changu hunukia iliki hata nisipopika. Wekesa ni dereva wa basi la shule, anakaa Al Wakrah, mji jirani wa pwani, ana kitambi cha heshima na kiti chake cha kudumu kanisani. Huku ibada yetu kubwa ni Ijumaa, na baada ya ibada huwa tunakwenda ufukweni Al Wakrah na wauguzi wenzangu na watoto wao, tukiwa na chapati, kuku na birika.

Alhamisi moja ya Septemba nilitoka zamu, nikafungua simu ndani ya metro, na nikapiga ukelele uliomwamsha Mfilipino wa kiti cha mbele. San Marino imeshinda! Bao moja bila. Dhidi ya Liechtenstein, hao hao, ndiyo, lakini mechi ya mashindano, ya kwanza kushinda katika historia yao. Na safari hii nilisubiri. Nilisoma mpaka mwisho. Nikasoma tena. Kisha nikampigia Wekesa.

"Mwingereza, umesikia?"

"Nimesikia, Marino. Nilijua utapiga. Nimekaa hapa na simu mkononi."

"Sheria bado ipo?"

"Sheria haikufutwa na mtu."

Ijumaa, jua lilipopunguza hasira, tulikuwa ufukweni. Wekesa alikuja na suti ya kijivu ya kanisani, tai na viatu vilivyong'aa. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja akicheza mpira wa kwenye simu kwa kidole. Jayden, mtoto wa muuguzi mwenzangu, alikuwa amebadilisha timu mara nne kabla chapati hazijafunguliwa. Nikawatupia mpira wa kweli, nikawaambia wasimame, wacheze na miguu kidogo, miguu nayo ni ya Mungu. Wakacheza kama watu wanaokanyaga miiba, na dakika haikupita, Jayden akapiga mpira ukaingia baharini.

Wote wakasimama kuutazama ukienda.

"Auntie, si tununue tu mwingine?" akasema Jayden. "Huo umeisha."

Nilisimama juu ya kasha la barafu, nikaweka mkono kifuani, nikaimba wimbo wa taifa wa San Marino mbele ya familia za Wahindi, Wamisri na walinzi wawili wa Uganda waliokuwa wakila samosa. Nikamaliza. Nikanyoosha kidole.

"Wekesa. Nenda wewe."

Wekesa alivua viatu, akaingiza soksi ndani yake, akakunja suruali ya suti, akaingia. Bahari ya Al Wakrah ni ya kina kifupi. Unaweza kutembea mpaka watu wakusahau na maji bado yako magotini. Na mwezi huo yalikuwa vuguvugu kama karak iliyosahauliwa mezani. Yeye alisogea, upepo ukasogeza mpira. Akasogea, ukasogea. Tai ilikuwa begani. Waganda wakaanza kumshangilia, "Pole pole, mzee! Kata kona!" Jayden aliinua simu ampige picha, kisha akaishusha, akabaki mdomo wazi.

Mwishowe aliukamata, mbali kabisa, maji yakiwa yamefika kwenye kitambi. Akageuka, akauinua juu kama kombe.

"Marino!" akapaza sauti. "Redio yetu ilikuwa na mawe mapya!"

"Nini?"

"Siku ile! Redio ya baba yangu ilikuwa na mawe mapya! Saba kwa moja! Nilijua tangu asubuhi!"

Nilishuka kwenye kasha. Nikatembea mpaka maji yakagusa ndala zangu.

"Sasa kwa nini ulikwenda kwa Meja?"

Akafikiria, amesimama na suti yake ndani ya bahari. "Ulikuwa umesimama juu ya jiwe," akajibu. "Na ile kaptula yako, Marino... hapakuwa na mahali pengine pa kushona."

Ndugu zangu wa enzi zile, siwalaumu watoto wa leo. Ni watoto wazuri, na Jayden aliomba afundishwe ule wimbo. Lakini wao matokeo huwafikia mfukoni kabla refa hajameza mate, na nchi wanabadilisha kwa kidole. Sisi tulikuwa na mawe yaliyokufa, na rafiki aliyeweza kufunga mdomo wake mchana kutwa huku bata mzinga akimng'oa suruali. Mimi ningekuwa mtoto wa leo, ushindi wangu dhidi ya Waingereza ungedumu sekunde zile zile chache za lile bao. Wangu ulidumu siku nzima, mpaka giza, na makoko ya githeri juu yake.