Gari la umeme na vifaranga wa Mama Auma

Leo gari langu limelea vifaranga.

Niliponunua hili gari la umeme nilicheka kuambiwa lina pampu ya joto, ya kupasha ndani bila kumaliza betri. Na joto letu hili la Busia, nimpashe nani?

Sasa leo tumekwama mpakani Malaba nyuma ya malori, mvua inamwagika. Jirani yangu Mama Auma amepakata katoni ya vifaranga wa kupeleka Tororo. Wanalia kwa baridi.

"Washa joto, watanifia!"

Nikawasha.

Vioo vikaingia ukungu, malori nje yakageuka vivuli. Mimi jasho tu. Vilio vikapungua, vikapungua… wakalala. Betri hata haikushtuka.

Tororo, wote wazima. Mama Auma akapapasa kiti, taratibu.

"Hii gari yako, mayai inaweza kutotoa?"

Jamani! Kesho anakuja na mayai.