Mkono wa Kulia Kwenye Uteo wa Ndengu

Binti yangu alikwama njiani wakati wa kuzaliwa. Nilisukuma mpaka nikaishiwa nguvu, mapigo ya moyo wake yakaanza kushuka, na daktari akamwekea kile kikombe cha kuvuta kichwani. Kichwa kikatoka, bega likagoma. Alipolia nilimshukuru Mungu, kisha nikaona mkono wake wa kulia umelala tu, hauna habari.

Kichwani alikuwa na nundu. Sista akasema itaisha yenyewe, na kweli iliisha. Mkono ndio ulioninyima usingizi. Mtu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwamba mishipa ya fahamu ya shingoni ilivutika alipozaliwa. Wengi hupona polepole, lakini hangeweza kuniahidi. Akanifundisha kuukunja na kuunyosha taratibu, bila kuuvuta. Mimi nilitaka ahadi, bwana. Nilitoka pale nimenuna.

Nyumbani Kyuso nilimkuta mama mkwe ameshapasha mafuta ya kondoo, tayari kuukanda mkono na kuuvuta urudi mahali pake, kama walivyofanyiwa watoto wa zamani.

"Mama, ukiuvuta tutakosana," nikamwambia. Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo.

Jioni akasema, "Haya, nionyeshe huko hospitali wanaukunja vipi." Tangu siku hiyo mazoezi yakawa yake, mimi nikawa msaidizi tu.

Kwetu mtoto hasalimii mkubwa kwa mkono wa kushoto. Binti yangu alipoanza kukaa, akina mama kanisani walimpa mkono, naye akawapa wa kushoto. "Mfundishe adabu," mmoja akaniambia. Nilimjibu vibaya na sijutii. Nikaenda nyuma ya kanisa nikalia, kwa sababu niliogopa atasemwa hivyo maisha yake yote.

Tulipovuna ndengu, mama mkwe alikuwa akizichagua kwenye uteo, amempakata mtoto, ule mkono mzima wa kushoto ameubana kwapani mwake. Mtoto alizitaka zile ndengu. Akanung'unika, akalia.

"Mwachie, Mama," nikasema.

"Wewe nyamaza."

Basi mkono wa kulia ukainuka. Ulitetemeka, ukafika kwenye uteo, ukafumbata ndengu na kumrushia bibi yake usoni.

Mama mkwe alijipangusa macho, na hayakuwa na ndengu. "Huyu hana adabu hata kidogo," akasema. Kisha akamsogezea mtoto uteo karibu. "Rudia, mama."