Swali la Nne: Mama Anahisi Nini?

Nilifungua karatasi ya mtihani wa Kiingereza, nikamkuta mama yangu mzazi ndani.

Kitenge chake cha kijani cha kwendea kanisani. Gunia la maharage. Uwanja wetu wa kwetu Baraka. Sentensi zilikuwa zangu, neno kwa neno. Hata kosa langu la herufi walikuwa wamenisahihishia!

Nikaisoma tena toka mwanzo. Si kwa woga, ni kwa hasira.

Ngojeni niwaeleze taratibu, maana hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Naitwa Clarisse. Shirika moja lilitangaza nafasi tatu za kwenda kusomea uuguzi Bukavu, kila kitu wanalipa wao. Sharti ni kufaulu Kiingereza, kusoma na kuandika. Tulijiandikisha watu sitini na tisa. Baba yangu hayupo, mama analima mihogo. Hiyo nafasi niliitaka kufa na kupona.

Mwalimu wetu, Prof Wilfried, akajitolea kutupa marudio wiki tatu. Kusoma asubuhi, kuandika mchana. Kwenye kusoma alikuwa na wimbo wake mmoja, kila siku anagonga ubao:

"Jibu iko ndani ya habari! Haiko ndani ya kichwa yako!"

Kwenye kuandika akatuambia tueleze jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mimi nikaandika habari ya mama.

Mwaka uliotangulia watu wa msaada walikuja kugawa maharage. Mama alikuwa anatoka kanisani, amependeza. Wakamwita, wakamkabidhi gunia.

"Mama, cheka kidogo!"

Mama akacheka. Wakapiga foto.

Halafu wakachukua gunia lao. Eti jina lake haliko kwenye liste. Mbele ya watu wote! Tulirudi nyumbani mikono mitupu, na mama akavua kile kitenge, akakitupa kitandani.

Niliandika yote hayo. Prof akasoma, akatikisa kichwa.

"Kingereza yako iko muzuri, Clarisse. Lakini unaweka hasira mingi sana."

Kaye yangu, lile daftari nililoandikia, akabaki nayo. Sikujali.

Sasa nimekaa kwenye mtihani, na habari ni ile ile, ila inaishia pale mama anapocheka. Basi. Hakuna liste, hakuna aliyenyang'anywa gunia. Na juu wameandika kichwa kipya: Siku Njema.

Siku njema ya nani?

Swali la nne: Mama anahisi nini? A, furaha. B, uchovu. C, hasira. D, woga.

Jamani.

Nilishika biki kama dakika kumi bila kuandika. Kwa ile habari waliyoikata, jibu ni A. Kwa mama yangu mimi, jibu ni C, na hakuna wa kunibishia.

Nikafikiria Bukavu. Nikafikiria mihogo.

Nikaweka alama kwenye A.

Matokeo yakatoka. Nimekuwa wa tatu. Wa nne nimemzidi pointi moja tu.

Nilimfuata Prof pale pale matokeo yalipobandikwa.

"Prof, ile habari iko yangu! Juu ya nini ulikata mwisho?"

"Eh, Clarisse, shukuru! Batu ba shirika baliniomba habari ya hapa kwetu, ya kutia mu mtihani. Na bale batu banapenda habari ya furaha. Si unapita mtihani?"

"Ni mama yangu ulimukata! We uko mwizi!"

Watu wakageuka. Yeye akacheka, akaniambia nina kichwa kigumu. Nilitamani kumrarulia shati.

Nyumbani nilimkuta mama anamenya mihogo, majirani wameshampigia vigelegele.

"Asante Mungu! Sasa mutoto wangu, balikuuliza nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamweleza yote: kaye, ile habari, lile swali.

"Na we ulijibu nini?"

"Furaha, mama."

Kisu kikasimama. 

"Bale habanijui," akasema. "Lakini we ulikuwa pale."

Akaendelea kumenya. Hakunigombeza. Heri angenigombeza, hata angenichapa.

Sasa niko Bukavu, mwaka wa kwanza. Prof bado nina hasira naye, sifichi. Lakini hasira kubwa ninayo juu yangu mwenyewe, na hiyo siwezi kuifuata mahali popote nikaipigie kelele.

Wewe unayerudia kusoma na kuandika kabla ya mtihani, sikia. Ukipewa habari inayoisha vizuri mno, uliza aliyeikata anaficha nini. Na kama mtu aliye ndani yake unamjua, usimkane kwa ajili ya pointi moja.