Bastola Nyembamba ya Shangazi

Mniwie radhi kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo ninachoandika kila siku ni vipimo vya watu: bega, kifua, kiuno. Ukurasa huu wa kwanza peke yake umenichukua jioni nzima. Shangazi amenipa ruhusa ya kusimulia, ila nisitaje jina la mtu. Wauza dagaa ni wengi huku kwetu, kwa hiyo atakayetaka kumtafuta atachoka mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ipo kwenye baraza ya nyumba ya Shangazi, mtaa wa Kasingirima. Yeye ni dada mkubwa wa baba yangu. Hupanda boti ya ziwani kwenda kijiji cha Ilagala na fedha taslimu, akanunua dagaa na kurudi na magunia. Mwaka jana vijana wawili walimkaba njiani alipokuwa anakwenda kupanda boti. Wakamwachia alama shingoni na mkoba mtupu. Hakulia. Alisema tu, "Safari nyingine watanikuta nimejiandaa," na kesho yake akaanza kufuatilia kibali cha kumiliki bastola.

Tulidhani anatania. Alizunguka ofisi moja hadi nyingine, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, akafundishwa kuishika na kulenga. Kibali kikatoka. Akasafiri mpaka Mwanza kwenye duka la silaha, akarudi mikono mitupu.

"Ziko mbili, baba," aliniambia huku akivua viatu. Huniita baba kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. "Nimeshindwa kuchagua. Muuzaji ameniwekea zote mpaka Jumatatu ya wiki ijayo."

Akatoa karatasi mbili za kaki. Alikuwa amezilaza bastola juu yake na kuzizungushia penseli, kama mtoto anavyochora kiganja chake. Pembeni alikuwa ameandika unene wa kila moja, alioupima kwa futi yangu ya kitambaa, ambayo nilikuwa nimeitafuta wiki nzima.

Kwa urefu zilikaribiana. Tofauti ilikuwa kwenye magazini, yaani kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Ya kwanza risasi zake zinakaa mistari miwili, kwa hiyo mpini ni mnene na unajaza mkono. Ya pili risasi zimepangana mstari mmoja tu, moja juu ya nyingine, na bastola yote ni nyembamba kama sabuni iliyoogewa na watu wengi.

"Nene ina risasi kumi na tano. Nyembamba saba," alisema. "Sasa mimi nitoe fedha yangu nipewe nusu?"

"Shangazi, kwani unategemea kukabwa na watu kumi na tano?"

"Wewe shona tu. Maswali waachie polisi."

Kisha akakaa, akaacha utani. Alisema sheria inataka isionekane, na hata bila sheria yeye mwenyewe hataki. Wanawake wa mwaloni, pale boti zinapoegesha, wakijua, watamwogopa. Wezi wakijua, wataifuata bastola yenyewe. "Ikigundulika hata na mtu mmoja, sinunui. Nitarudi kutembea na roho mkononi kama zamani." Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kabla ya Jumatatu ni ipi inayoweza kufichika.

Niliomba vipande vya mbao kwa mafundi wa mitumbwi, nikachonga bastola mbili kwa kisu kufuata ile michoro. Nikazitoboa na kujaza vyuma mpaka Shangazi akasema uzito ndio huohuo. Sikuzipaka rangi, ili mtu akiziona asikimbie. Halafu nikashona mkanda mpana wa turubai wa kuvaa ndani, wenye ala ya ngozi ngumu. Muuzaji alikuwa amesisitiza kwamba ala lazima ifunike kifyatulio chote. Juu ya mkanda nikamshonea gauni la kitenge cheusi chenye maua machache, lenye marinda upande wa kulia, pale nyonga inapoanza.

Tukaanza na ile nene. Shangazi alisimama mbele ya kioo, akageuka, akainama, akachuchumaa, akacheza kidogo. Haikuonekana kabisa. Nilivimba kichwa.

"Basi nachukua nene," alisema. "Kumi na tano zangu!"

Kesho yake asubuhi tulikwenda mwalo wa Kibirizi, yeye akiwa na ile ya mbao kiunoni. Alikanyaga mchanga, akapanda kwenye boti na kushuka, akaketi juu ya gunia, akainamia dagaa walioanikwa. Mimi nilikuwa nyuma nikiangalia marinda yangu. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Ndipo akashuka botini rafiki yake wa Ilagala, mama mmoja mcheshi ambaye humkusanyia dagaa kule.

"Mwidiwe! Mwidiwe, shoga yangu!"

Kwa wale ambao si wa huku, niwaeleze. Salamu ya Waha si ya kupeana vidole. Mnakumbatiana, mikono inapita mabegani, inashuka mgongoni, inakuja kiunoni, huku mkiulizana habari za watoto, za shamba, za mvua. Mikono haiondoki mpaka habari ziishe. Mimi nina aibu, salamu hizi huzikwepa tangu utotoni. Nikiona mtu ananyoosha mikono, nainama kuokota sindano hata kama haijaanguka. Ndiyo maana siku zile zote za kupima na kukata, jambo hili halikunijia akilini.

Mkono wa yule mama ulifika nyonga ya kulia ukasimama. Ukabonyeza. Kisha ukagonga, ko, ko.

"Shoga, umefunga nini huku? Mlango?"

"Ni mgongo," alisema Shangazi. "Nimefungwa kibao cha mgongo."

"Mgongo umehamia nyongani siku hizi?"

"Muulize vizuri," mwanamke mwingine alidakia. "Jumamosi kwenye harusi tulipoteza sahani!"

Wakacheka mwalo mzima, na mwingine akaja kugonga. Shangazi alicheka kuliko wote, nikajua amekasirika.

"Umenishonea nguo ya kwenda kusalimiana na kioo," aliniambia njiani.

Siku iliyofuata alijaribu kuwakwepa watu. Alitembea amekumbatia kapu, akisingizia mafua. Jioni jirani yetu mmoja akapiga hodi, hajavaa hata kanga ya kutokea.

"Mama, nimekukosea nini? Leo umenipita kama mti."

Shangazi aliingia chumbani, akavua mkanda, akatoka na kumkumbatia mpaka yule jirani akasahau alichofuata. Alipoondoka, Shangazi aliilaza ile bastola nene ya mbao juu ya cherehani yangu.

"Yameisha. Jumatatu namwambia muuzaji aziuze zote. Siwezi kuishi na watu kwa umbali huu."

Alama ya shingoni bado ilikuwa inaonekana. Nilijisikia vibaya, maana kosa lilikuwa langu.

"Hatujajaribu nyembamba," nilisema.

"Utajaribu kwa nani? Nizunguke tena nigongwe?"

"Kwangu. Nitakukumbatia mimi."

Alinitazama kama nimesema naenda kuogelea mpaka Kongo. Tukafunga mlango. Nilisaga chaki ya kitambaa, nikajipaka viganjani, ili mikono iache alama mahali inapofika. Nikamkumbatia.

"Hivi ndivyo polisi wanavyopekua," alisema. "Kumbatia kama mtu aliyezaliwa! Niulize habari."

"Habari za... dagaa?"

"Endelea."

"Na mvua?"

Nilipomwachia, masikio yangu yalikuwa ya moto, lakini gauni jeusi lilikuwa limejaa ramani. Chaki ilikuwa mabegani, mgongo mzima, nyonga zote mbili. Mahali pamoja tu palibaki safi: mbele, chini ya tumbo, kuelekea kulia kidogo. Watu wakikumbatiana vifua hukutana, lakini chini huacha nafasi.

Nikahamishia ala hapo. Tuliweka nene kwanza. Gauni likasimama mbele kama sanduku.

"Nina mimba ya redio," alisema Shangazi.

Tukaweka nyembamba. Ililala bapa, tumbo lake likaifunika juu, marinda yakashuka kama kawaida. Alikaa, akainama, akalalamika kidogo kwamba inamfinya akichuchumaa, nikalegeza mkanda tundu moja. Nikamkumbatia mara nne zaidi. Ya nne niliuliza hadi habari za watoto wa jirani, na sikugusa kitu.

Jumamosi tulirudi mwaloni, Shangazi akiwa na ile nyembamba ya mbao, na boti ya Ilagala ikafika. Yule mama alishuka mikono ikiwa tayari imenyooka, na nilimwona machoni kwamba amekuja kutafuta. Alimkumbatia Shangazi, akapapasa nyonga ya kulia, akaenda ya kushoto, akarudi mgongoni. Habari za mvua ziliulizwa mara mbili. Mimi nilikuwa nimekalia gunia, nikiifuata mikono yake kwa macho.

"Mgongo umepona?"

"Umepona."

"Sahani umerudisha, siyo?"

"Nimezirudisha usiku."

Wakacheka tena, safari hii Shangazi akicheka kicheko chake cha kweli, na wakaenda kupima dagaa wakiwa wameshikana mikono.

Jumatatu alimpigia muuzaji simu mbele yangu.

"Niwekee nyembamba. Ndiyo, ile ya risasi saba... Najua ni nusu. Hiyo nyingine haiwezi kusalimiana na watu."

Sasa ni mwezi wa nne anaibeba. Akirudi nyumbani huifungia kwenye sanduku la chuma alilopigilia ukutani, na ufunguo sijui anakouweka. Haijatoka kwenye ala hata mara moja, na anasema akifa bila kuitoa atashukuru. Ilagala anakwenda kama zamani, ila sasa usingizi anaupata siku moja kabla ya safari. Mwaloni bado wanamvamia kwa mikono yote miwili.

Mimi namshonea gauni la pili, na nataka kujifunza zaidi, maana sijafika mbali zaidi ya Kidahwe na salamu ninayoijua ni ya huku tu. Wewe unayesoma, kwenu mnasalimianaje? Mikono inafika wapi, na inakaa muda gani? Niandikie. Nitajibu kila barua, ila unisubiri kidogo, mkono wangu ni mzito.