Muuguzi Aliyeuliza Siku

Siku ile sijaisahau, mwanangu. Ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani, na nilikuwa natetemeka kama mashine mbovu ya mawese. Shule niliiacha darasa la tatu. Mawese ndiyo yaliyonijenga, na nyumba ninayolala hapa Rumonge niliisimamisha mwenyewe. Lakini wewe unayesomea uuguzi, hili naweza kukufundisha.

Ujanani nilikunywa kanyanga kila siku, ile pombe kali ya kienyeji, kwa siri. Mwezi ulipoandama nikaacha ghafla, nikajisifu moyoni. Siku ya tatu vidole vikashindwa kufunga vifungo vya kanzu, jasho likanilowesha, nikaona siafu ukutani ambao mke wangu Zaituni hakuwaona. Akanipeleka dispensari.

Msichana mmoja mwanafunzi wa uuguzi aliitazama kofia yangu, akaandika malaria. Pombe hakuuliza, aliogopa kuniaibisha. Nilifurahi, mjinga mimi. Heshima yangu ilipona. Mimi nilikuwa nakufa.

Ndipo akaja muuguzi mkuu, mama mmoja mwenyeji wa Magara. Akamwomba Zaituni atoke kidogo, akavuta kiti.

"Kijana, mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini?"

"Mama, mimi iko Muislamu."

"Dini yako nimeiona kichwani. Nimeuliza siku."

Nikacheka, halafu nikalia. "Siku moja kabla ya mfungo."

"Murakoze, asante kwa kuniambia. Mwili ulizoea, umeunyima ghafla. Wengine hufa hapo. Utalala hapa, utapata dawa, na siri yako haitoki kwangu."

Nililala usingizi ambao sikuwahi kuulala tangu nioe. Nilipopata nafuu nikamweleza Zaituni mwenyewe. Akasema, "Nanusa pombe tangu harusi. Nilikuwa nakusubiri wewe useme." Kanyanga sijaigusa tena.

Basi, mwanangu, muulize kila mgonjwa, mwenye kofia na mwenye rozari, pembeni, jamaa zake wakiwa nje. Usimuulize kama anakunywa, atakukatalia kama ambavyo ningekataa mimi. Muulize mara ya mwisho ilikuwa lini. Akijibu, uso wako usibadilike. Na mnywaji wa kila siku anayetaka kuacha, mwambie aje kwenu kwanza, asiache peke yake kwa kiburi kama changu.

Mungu akupe mikono iliyotulia, na ulimi wa yule mama wa Magara. Kila utakayemhudumia arudi kwake kwa miguu yake, kama nilivyorudi mimi. Amina.