Matairi Mapana ya Asankul

Kabla watu hawajaanza kuliremba gari kama bibi harusi, dereva wa mji wa milimani wa Naryn alilijua gari lake kama baba yake alivyomjua farasi: linachoka wapi, linaogopa nini, linakanyaga vipi. Asankul alikuwa wa mwisho katika madereva wa aina hiyo. Gari lake la Kijerumani lilikuwa kuukuu tangu siku aliyolinunua, nalo lilitembea juu ya matairi membamba yaliyopasua theluji mpaka yakaikuta ardhi ngumu chini yake. Alivusha abiria mlimani, kati ya mji na bonde la At-Bashy, na hakuna aliyewahi kumwona akisukumwa.

Siri nyingine ilikaa kwenye buti la gari: minyororo ya theluji, ya kuvisha matairi yasiteleze. Shamba la ushirika lilipovunjwa, kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba. Wengine walibeba mabati, wengine kondoo. Yeye alibeba mnyororo mkongwe wa trekta, akaukata pingili kwa pingili, akauunga tena mpaka ukayakaa matairi yake kama pete inavyokaa kidoleni.

Mwanawe Erkin alikuwa Moscow, akijenga majengo ya watu wengine. Majira ya kuchipua yalipofika, alimpigia baba yake simu, akamwambia aende kwenye duka la matairi la Tilek, pale nyuma ya soko. Asankul alipofika alimkuta mwanawe ameshatangulia, ndani ya simu ambayo Tilek aliielekeza huku na huku ili kijana aone.

"Hilo la kushoto," simu ikasema. "Lile pana. Geuza nilione."

"Erkin, yangu bado yana meno," Asankul akasema.

"Baba, yako ni ya baiskeli. Nikiwaonyesha wenzangu picha ya gari letu, wananiuliza kama baba yangu anauza maziwa."

"Na akiuza maziwa?"

"Chukua mapana, baba. Nimeshalipa."

Tilek alikuwa mfanyabiashara wa siku hizi, mwenye tabasamu la kukodi. "Mzee, rimu ni zilezile za kiwandani, hatugusi kitu. Upana umezidi kidogo tu. Yatakaa."

"Kukaa yatakaa. Hata ng'ombe hukaa sebuleni ukimsukuma."

Lilipofungwa la kwanza, Asankul alichuchumaa. Tairi lilikuwa limefura juu ya rimu nyembamba kama shavu la mwenye jino bovu. Akapitisha mkono kati ya mpira na shokapu. Zamani kiganja kizima kilipita. Sasa kilipita kidole, tena kwa kubembeleza. Akageuza usukani mpaka mwisho, akasikia mpira ukilamba ukingo wa madigadi. Kila alichokijua kilimwambia asimame aseme hapana. Lakini ndani ya simu mwanawe alikuwa anacheka kwa furaha, na nyuma yake ilionekana kofia ngumu ya kazi imetundikwa ukutani. Baba gani humrudishia mwanawe jasho lake?

"Funga na mengine," akasema.

Hata hivyo angeweza kuyavua kimyakimya kesho yake, maana yale membamba alirudi nayo nyumbani. Desturi ndiyo iliyomfunga. Kwetu kitu kipya hakiangaliwi bure. Ukija kumwona bi harusi, mtoto mchanga au farasi aliyenunuliwa, huji mikono mitupu. Unatoa korumduk, zawadi ya macho. Ilikuwa desturi ya heshima, ya vitu vyenye roho. Siku hizi inatolewa kwa mpira. Majirani walimiminika uani. Mmoja akafunga kitambaa cheupe kwenye kioo cha gari, mwingine akaleta mkate, wanawake wakamwaga peremende juu ya boneti na watoto wakazigombania. Batma, mkewe, alipokea yote kwa tabasamu, maana sifa za mwana ni chakula cha mama. Na kitu kikishapokelewa zawadi ya macho hakirudishwi. Kukirudisha ni kuwatemea mate waliokuja kukiona.

Katikati ya watu hao alisimama Kubat, jirani, dereva mwenzake aliyemzidi Asankul maneno na kuzidiwa naye kila kitu kingine.

"Mzee, haya membamba unayaweka ya nini? Urithi?"

Watu wakacheka.

"Chukua," Asankul akasema, kwa sababu mwenye furaha ya mwana hanyimi mtu. Kubat akayabiringisha mpaka kwake, akayafunga siku hiyohiyo.

Mwezi wa tano, mvua ilipogeuka theluji tena huko juu kama kawaida yake, habari ilikuja kutoka At-Bashy. Uulkan, dada yake Asankul, amefariki.

Mwanamke aliyeolewa hafunikwi udongo mpaka watu wa kwao wafike. Kaka yake huja akilia kwa sauti tangu mbali, huegemea fimbo nje ya hema alimolala marehemu, hutazama sanda, na ni yeye anayesema, "Haya, mchukueni." Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu, na maana yake ni moja: mwanamke huyu hakuokotwa, ana kwao. Kwa Uulkan, kwao kulikuwa kumebaki mtu mmoja, Asankul.

"Watakungoja mpaka saa ngapi?" Batma aliuliza walipokuwa wanapanda mlima.

"Watanisubiri."

"Yule shehe wao kijana hapendi kungoja. Wanasema hata kulia amekataza."

"Alizaliwa mimi nikiwa nalilia watu," Asankul akajibu, akakanyaga mafuta.

Karibu na kilele theluji ilikuwa ya tope, nzito kama uji. Matairi membamba yangeikata. Mapana yalipanda juu yake yakaanza kuelea, na gari likawa linakwenda linakotaka. Kwenye kona kali aligeuza usukani hadi mwisho, ukingo wa madigadi ukauma mpira, gari likasota, likaegemea mtaro.

"Funga minyororo yako," Batma akasema.

Asankul akaitoa, akapiga magoti kwenye tope, akaizungusha kwenye gurudumu. Ncha mbili hazikukutana. Akavuta. Akapunguza upepo, akavuta tena. Pengo la kiganja lilibaki pale pale likimtazama. Mnyororo aliouunga kwa mikono yake ulikuwa umepimwa kwa matairi yake, na matairi yake hayakuwapo.

"Ulisahau?" mkewe akauliza taratibu.

Akatoa simu. Simu haikushika mtandao. Walichimba, wakatandika koti lake chini ya gurudumu, gurudumu likalitafuna koti. Jua lilikuwa limeshavuka utosi waliposikia gari likipanda bila haraka. Lilikuwa la Kubat, limejaa abiria.

"Mzee, umempumzisha farasi?" Kubat akaanza, halafu akaona macho ya Batma. Akawaambia abiria wabanane.

Asankul alikaa pembeni ya mlango, abiria katika barabara yake mwenyewe, akisikiliza chini ya miguu yake sauti aliyoijua kuliko ya mkewe: matairi membamba yakipasua theluji.

Walipofika alishuka mbali, akachukua fimbo, akaanza kulia kwa sauti kama inavyopasa. "Dada yangu weee, uliyenibeba mgongoni!" Hakuna aliyemwitikia. Wanaume waliopaswa kusimama mlangoni mwa hema na kumpokea kwa kilio walikuwa wananawa mikono yenye udongo. Vijana walitazama chini. Mmoja wao alishangaa, kwa maana hakuwa amewahi kumsikia mwanamume akilia hivyo.

Shemeji yake, mume wa Uulkan, alimjia mikono mitupu. "Shemeji, tulikungoja. Shehe akasema maiti hacheleweshwi kwa ajili ya desturi. Nami sikuwa na nguvu."

"Sanda yake ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Nani aliitazama kwa niaba ya kwao?"

Shemeji aligeukia hema.

Hapo ndipo simu ya Asankul iliposhika mtandao, ikalia katikati ya watu. Erkin alikuwa amepata habari ya msiba.

"Baba, pole. Mliwahi?"

Asankul alitazama hema lililokuwa wazi, zulia ambalo juu yake hapakuwa na mtu.

"Tumefika."

"Njia ilikuwa mbaya? Matairi yamekusaidia, si ndiyo?"

Batma alikuwa ameshika kilemba chake kwa mikono miwili, anamtazama. Jamaa wote wa marehemu walikuwa wanamtazama.

"Ni mazuri, mwanangu," akasema. "Kila mtu anayatazama."

Akaizima simu, akauliza njia ya makaburini, ingawa aliijua, akaenda peke yake na fimbo yake.