Kiganja cha Mpima Udongo

Mpima udongo wetu huchota udongo kwa kijiko kilekile kilichopinda, huuminya kiganjani, huupima uzito, huukausha kwenye oveni ya maabara, kisha huupima tena. Hivyo ndivyo anavyohakiki setilaiti, inayokisia unyevu kwa kunasa mawimbi hafifu yatokayo ardhini. Jana ramani niliyoichora kwa data za setilaiti hiyo ilionyesha bonde zima limelowa, na mkuu wa wilaya akashika kalamu kufuta msaada wa ukame. Mama yetu mpima udongo akafungua kiganja. Vumbi la mashamba ya bondeni likamwagika juu ya karatasi.

“Setilaiti haidanganyi,” nikasema kwa ukali.

“Haidanganyi, mwanangu. Imeona bwawa, wewe ukaandika mashamba.”

Mkuu akafunika kalamu. Mama akanigeukia. “Kesho tunakwenda wote, profesa. Vaa viatu vya kuchafuka.”